Mwombe Muuzaji Aingie Uvunguni

Nikimwambia mtu kwamba gari-nyumba letu, gari lenye vitanda, jiko na friji ndani, tulilinunua mtandaoni, kwa muuzaji aliye mbali kiasi cha kulala njiani kabla hujafika kwake, swali huwa ni hilohilo: hukuogopa kutapeliwa? Niliogopa, kama atakavyoogopa yeyote mwenye akili timamu. Lakini katika kipindi chote cha kutafuta, matapeli hawakunisumbua sana. Tapeli ana haraka, na haraka yake humfichua mapema. Aliyeninyima usingizi ni muuzaji wa kweli, mwenye gari la kweli, anayelipenda gari lake, ila hajawahi kuinua godoro la nyuma tangu alinunue. Huyo hadanganyi. Anakueleza yote anayoyajua, na anayoyajua ni machache.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kununua kwa mtu wa mbali ni kununua mbuzi kwenye gunia. Nimewaona watu waliokwenda kulitazama gari kwa macho yao. Walilizunguka mara moja, wakakaa kwenye kiti cha dereva, wakafungua kabati mbili tatu, kisha wakaona haya kuuliza zaidi kwa sababu mwenyewe amesimama palepale, mtu mwema, mpole, na mkewe anatabasamu mlangoni. Wakalipa. Aliye mbali hana haya hiyo. Anaandika maswali yake usiku, anayapanga, anayatuma, anasubiri. Umbali unakunyima pua na vidole, hilo ni kweli, lakini unakupa muda, na majibu yote yanabaki kwa maandishi.

Kwanza ujue unanunua nini. Gari-nyumba ni mali mbili zilizofungwa pamoja, na kila moja ina umri wake. Kampuni nyingi zinazoyajenga hazitengenezi injini wala chasisi. Ulaya sehemu kubwa hujengwa juu ya Fiat Ducato, mengine juu ya Ford Transit au Mercedes-Benz Sprinter. Marekani yale makubwa ya petroli mara nyingi hukaa juu ya chasisi ya Ford F-53. Mjenzi hununua chasisi, huiweka uani mpaka zamu yake ifike, ndipo ajenge nyumba juu yake. Kwa hiyo chasisi inaweza kuwa ya mwaka mmoja na nyumba ya mwaka unaofuata, na tangazo litataja ule ulio mpya. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Omba picha za vibao vyote viwili, cha aliyetengeneza chasisi na cha aliyejenga nyumba, na ubishi wa umri utakwisha bila maneno makali.

Wanunuzi wengi, wanaume hasa, huanza na injini na humalizia kwenye injini. Sisemi injini si kitu. Ila Ducato au Transit asili yake ni gari la mizigo: mafundi wake ni wengi, vipuri vipo, na ubovu wake hupimika. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na risiti iko wapi. Omba video ya asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, kamera ianzie kwenye geji ya joto kisha iende kwenye bomba la moshi bila kukatwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukiridhika, songa mbele, kwa maana nyumba ndiyo yenye uwezo wa kukufilisi.

Tazama inavyojengwa. Kuna fremu ya mbao au ya alumini, povu katikati, plaiwudi nyembamba upande wa ndani, fibaglasi au bati la alumini upande wa nje, vyote vikishikwa kwa gundi na viungo vikizibwa kwa silanti, dawa ya kuzibia nyufa maji yasipite. Kisha nyumba hiyo inatikiswa barabarani kila siku ya matumizi yake. Kila dirisha, kila feni ya paa, kila taa ya nyuma, kila skrubu inayoshika turubai la kivuli ni tundu lililotobolewa ukutani na kuzibwa. Silanti ikikauka na kupasuka, maji huingia, na hayatokei mbele ya macho yako. Hufuata fremu, hushuka ndani ya ukuta, huozesha mbao polepole huku upande wa chumbani ukibaki msafi kama siku ya kwanza. Unapoona doa, ujue maji hayo yana muda mrefu humo ndani.

Uingereza, ambako mvua imewafundisha wenye magari haya adabu, mafundi hupima kuta kwa kifaa cha unyevu na kuandika asilimia kwenye mchoro wa gari, pembe kwa pembe. Chini ya 15 hakuna neno. Ikivuka 20 wanaanza kutafuta maji yanapitia wapi. Ikifika 30, mara nyingi mbao zimeshalainika. Ripoti ya namna hiyo, ikiwa ya karibuni, ina thamani kuliko picha zote za tangazo. Na hapo uwe makini na neno "ukaguzi". Huko huko Uingereza kuna ukaguzi wa kisheria wa kila mwaka uitwao MOT, ambao historia yake mtu yeyote anaweza kuisoma mtandaoni bila malipo, pamoja na umbali gari lilikokwenda na kasoro zilizoandikwa. Ni chombo kizuri sana kwa mnunuzi aliye mbali. Lakini hukagua gari: breki, taa, tairi, usukani, kutu ya chasisi. Muuzaji anayekwambia "limepita ukaguzi majuzi tu" hajasema lolote kuhusu nyumba, na pengine hajui kwamba hajasema.

Pasipo ripoti, inabidi muuzaji awe macho yako. Picha ya ukuta iliyopigwa kwa mbele haionyeshi kitu. Mwombe asimame kwenye pembe ya gari, simu aisogeze karibu kabisa na ukuta, apige picha kwa kuufuata urefu wake, jua likiwa chini, asubuhi au jioni. Fibaglasi iliyobanduka kutoka kwenye plaiwudi yake itaonyesha mawimbi na malengelenge ambayo jua la mchana huyafuta. Ndani, ainue godoro, atoe vitu vyote kwenye makabati ya juu, apige picha za pembe zilizokuwa zimefichwa. Abonyeze kwa kidole gumba karibu na taa za nyuma na chini ya kila dirisha, na akwambie panapobonyea. Kama lina kitanda juu ya kichwa cha dereva, pembe za mbele za kitanda hicho ni mahali ninapopashuku kuliko pote. Na ukiona silanti mpya inayong'aa mahali pamoja tu, kwenye gari ambalo kwingine kote silanti imezeeka, usiruke: uliza palitokea nini hapo, na lini.

Harufu ndiyo haipigwi picha. Nikawa nawauliza wauzaji hivi: ukilifunga gari kutwa nzima, kisha ukafungua mlango, unasikia harufu gani? Wengine walicheka. Mmoja alikwenda akajaribu, akaniandikia: "Kama kabati la nguo za zamani." Nilimshukuru kwa dhati, na gari lake sikulinunua.

Tairi ni mtihani ninaoupenda kwa sababu jibu lake ni namba. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu 4: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Utaratibu huo ulianza mwaka 2000, kwa hiyo ukikuta mfululizo unaoishia na tarakimu 3, tairi hilo ni la karne iliyopita, na usifikiri nafanya mzaha, yapo. Tairi za gari-nyumba ni nadra kwisha kwa kulika. Huzeeka. Gari husimama miezi mahali pamoja na uzito wake wote, jua likichoma upande mmoja, na mpira unapasuka mistari midogo midogo huku juu tairi likionekana jipya. Michelin, kwa mfano, hushauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama linaonekana zima. Wenye magari-nyumba waangalifu hawafiki huko.

Sasa, namba hiyo kamili mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi, na upande huo unaweza kuwa umegeukia ndani. Ili aisome, muuzaji inabidi aingie uvunguni. Hapo ndipo utamjua.

Mmoja alinijibu kwamba tairi ni nzima, kwamba yeye si mtoto, na kwamba kama sina imani naye nitafute kwingine. Nikatafuta kwingine. Aliyetuuzia alituma picha za tairi zote, zimetetemeka, moja ikiwa na kiatu chake ndani, na chini yake akaandika kwamba mawili ya nyuma ni ya zamani kuliko alivyodhani, kwa hiyo tuzungumze bei upya. Bila kukusudia alinipa na kitu kingine: picha hizohizo zilionyesha chasisi, mabomba ya breki, na tangi la maji machafu kwa chini, sehemu ambazo hakuna tangazo linaloziweka.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alilitumia soko la magari yaliyotumika kueleza jambo ambalo kila dalali analijua. Muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi hajui. Mnunuzi, kwa woga, hutoa bei ya gari la wastani. Mwenye gari zuri huona bei hiyo inamdhulumu, anajiondoa, na yanayobaki sokoni ni yale mabovu. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Watu hupenda kumtaja Akerlof wakitaka kukutisha. Mimi naona Spence ndiye mwenye msaada kwa mnunuzi wa mbali. Yeye alishughulika na ishara: mwenye kitu kizuri hujitofautisha kwa kufanya jambo ambalo mwenye kitu kibovu litamgharimu mno kuliiga. "Gari safi, halina tatizo lolote, wewe njoo na pesa" ni maneno ya bure, huandikwa na mwema na mbaya sawia. Kuingia uvunguni kuna gharama. Shati linachafuka, nusu saa inapotea, na kwa anayeficha kutu gharama ni kubwa zaidi, maana ataionyesha. Kwa hiyo maombi yangu yote nilihakikisha yana usumbufu kidogo. Si kwa ukatili. Nilitaka kupima gari na mtu kwa pigo moja.

Ombi la friji ndilo lililowachuja wengi. Friji nyingi za magari-nyumba hazina kompresa, ile mashine inayonguruma nyuma ya friji ya nyumbani. Hutumia joto, la gesi au la umeme, kuzungusha amonia ndani ya mabomba, na hukawia: zinahitaji saa kadhaa kabla hujasikia baridi ya maana. Kwa hiyo kuonyeshwa kitaa cha kijani kwenye video si ushahidi. Niliomba friji iwashwe jioni kwa gesi, gari likiwa limesimama sawasawa kwa sababu friji za aina hiyo hazipendi kuinama, kipimajoto kiwekwe ndani, na asubuhi nitumiwe picha yake. Kisha picha nyingine ya nyuma ya friji, kupitia kifuniko cha nje. Unga wa njano kwenye mabomba hayo ni kemikali ya kuzuia kutu iliyovuja pamoja na amonia, na friji yenye unga huo imekwisha. Kuna muuzaji ambaye baada ya ombi hilo hakujibu tena. Sijui kama friji ilikuwa mbovu au yeye alichoka nami. Kwa mnunuzi aliye mbali, yote mawili yana jibu moja.

Betri ya nyumba, ile inayowasha taa na pampu za ndani, inapimwa kwa subira vilevile. Isichomekwe umeme, taa mbili ziachwe zikiwaka usiku, asubuhi zizimwe, betri ipumzike kidogo, kisha isomwe. Betri ya asidi iliyojaa husoma karibu volti 12.7. Ikiwa imeshuka hadi 12.0 kwa taa mbili za usiku mmoja, weka bei ya betri mpya kwenye hesabu yako. Pampu ya maji, hita, majiko, bomba za maji moto: vyote viwashwe kwenye video moja, isiyokatwa, kimoja baada ya kingine. Gesi mimi siichezei. Mipira yake na kidhibiti cha shinikizo vina tarehe zilizopigwa juu yake. Ujerumani mfumo wa gesi una ukaguzi wake peke yake, unaojulikana kwa namba ya kanuni yake, G 607, na cheti hutolewa upya kila baada ya miaka 2. Kama gari linatoka huko, cheti kiombwe. Kama linatoka kusiko na utaratibu huo, fundi wa gesi alikague kabla mtu yeyote hajalala ndani.

Tangazo likijivunia kilomita chache, nusu yangu hufurahi na nusu hununa. Kwa gari la kawaida ni sifa. Kwa gari-nyumba, kilomita chache katika miaka mingi maana yake ni gari lililosimama, na kusimama kuna madhara yake: breki hushika kutu, mipira ya kuzuia oili hukauka, mafuta huchacha, panya hula nyaya. Jenereta ndiyo huathirika kuliko yote, kwa sababu watengenezaji wake hutaka iwashwe angalau kila mwezi, tena ikiwa na mzigo wa kuvuta, na watu husahau. Kati ya gari lililosafiri kila mwaka likiwa na daftari la matengenezo, na jingine lililolala chini ya turubai likisubiri safari ambayo haikufika, nitachukua lile lililosafiri, hata kama dashibodi yake inatisha.

Uzito haumo kwenye matangazo, na mimi naona ungestahili kuwa kwenye mstari wa kwanza. Ulaya, magari-nyumba mengi yamesajiliwa kwa uzito wa juu wa kilo 3,500, kwa sababu hapo ndipo leseni ya kawaida ya gari dogo, daraja B, imekuwa ikiishia kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba mjenzi hujaza vitu mpaka karibu na kikomo hicho, na mwenyewe akaongeza: turubai la kivuli, paneli za sola, betri ya pili, kibebeo cha baiskeli. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 100 likijaa umekwisha kula kilo 100 kabla mtu hajapanda. Gari linaweza kuwa zuri kila upande na bado likashindwa kubeba familia yako kihalali. Mwombe muuzaji alipitishe kwenye mizani, tangi la mafuta likiwa limejaa, akutumie risiti. Sehemu nyingi ni kazi ndogo na ya bei ndogo. Ukijua uzito halisi na ukajua ule ulioandikwa kwenye kibao cha chasisi, toa kimoja kwenye kingine: hicho ndicho ulichoachiwa kwa ajili ya watu, maji, chakula na nguo.

Matapeli niwape aya yao, maana wapo, ingawa hawana ubunifu. Bei iko chini kupita kiasi, na kuna hadithi ya huzuni ya kuieleza: mume amefariki, kazi ya jeshi imempeleka ng'ambo, talaka. Gari tayari liko kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji, huwezi kulitazama, lakini litaletwa mpaka mlangoni na utakuwa na siku kadhaa za kulijaribu. Pesa utume kwa "mtu wa kati", kwenye tovuti ambayo muuzaji ndiye amekutumia kiungo chake. Hapo funga mazungumzo. Kama unataka mtu wa kati wa kushika pesa, mchague wewe, uandike anwani yake mwenyewe kwenye kivinjari, na uhakikishe kwamba ana leseni huko anakosema yupo. Anayetaka kulipwa kwa kadi za zawadi hahitaji uchunguzi. Picha zitafute mtandaoni kwa kutumia picha zenyewe, kwa kuwa zilizoibwa huwa zimekaa kwenye tangazo la zamani la mtu mwingine. Tazama pia kama miti ya nyuma ni ya msimu mmoja katika picha zote. Kisha omba simu ya video ya moja kwa moja, na katikati yake mwambie jambo asilolitarajia: fungua droo ya pili, nisomee namba ya friji. Mwenye gari atafungua droo.

Baada ya hapo karatasi. Namba ya chasisi ina herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki kabisa ili zisichanganywe na 1 na 0, kwa hiyo namba yenye O ndani yake ama imenakiliwa vibaya ama imetungwa. Iombe kutoka sehemu zaidi ya moja, kwenye chuma chenyewe na kwenye kadi ya gari, uzilinganishe. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. "Ni la shemeji yangu" inawezekana ikawa kweli, basi shemeji aje kwenye simu. Uliza kwa maandishi kama kuna mkopo juu ya gari, kisha usitosheke na jibu, tafuta rejista inayohusika. Marekani kuna hifadhidata ya taifa ya hati za magari, NMVTIS, iliyotokana na sheria ya mwaka 1992 ya kupambana na wizi wa magari, na huonyesha kama kampuni ya bima imewahi kulitangaza gari kuwa hasara tupu. Hilo lina uzito hasa kwa magari ya mafuriko. Kimbunga Katrina cha 2005 na Harvey cha 2017 viliacha magari mengi ndani ya maji, na gari lililozama likisafishwa na kupelekwa jimbo la mbali hupendeza sana kwenye picha. Jaribio rahisi la video: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Sehemu inayokaa ndani ya koili husahaulika kusafishwa, na tope hubaki pale.

Ukiwa umefika hapa na bado unalitaka, ajiri mkaguzi. Asiwe fundi wa muuzaji, hata kama ni mtu wa dini. Marekani kuna chama cha wakaguzi wa magari haya, NRVIA, chenye wanachama unaoweza kuwatafuta kwa eneo. Kwingineko inaweza kuwa fundi wa karakana ya magari-nyumba iliyo karibu na muuzaji ambayo haina uhusiano naye. Mlipe wewe, ripoti ije kwako. Namna muuzaji anavyolipokea wazo hilo ni ishara nyingine ya aina ileile niliyoeleza. Wetu alisema, "Aje, ila mwambieni alete ngazi, yangu imevunjika, na paa lazima alione." Baada ya maneno yale nilikuwa tayari kulipa hata bila ripoti. Hata hivyo niliisubiri.

Pesa: kishika uchumba kidogo, kwa maandishi yanayosema wazi kitarudishwa iwapo gari halitalingana na majibu yaliyotolewa. Zilizobaki zilipwe siku ya makabidhiano, benki kwa benki, karatasi zikiwa mezani. Bima na namba za muda za kusafiria zishughulikiwe kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa gari lisilo na bima halitoki uani, na ukikwama huko kila saa inakusukuma kukubali jambo. Fikeni asubuhi. Mvua ikinyesha siku hiyo, furahi. Na tiketi ya kwenda iwe na njia ya kurudi, maana aliyefunga njia ya kurudi hukubali kila kitu atakachokikuta. Nauli iliyokwisha kutumika isiingie kwenye hesabu ya kama gari linafaa.

Halafu, hata kama una hamu ya kuondoka, usiendeshe kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Lala ndani ya gari usiku wa kwanza mahali palipo karibu na muuzaji, utumie kila kitu: oga, pika, washa hita usiku kucha, jaza tangi, limwage. Sisi tulifanya hivyo, na usiku pampu ya maji ikawa inajiwasha yenyewe kila baada ya muda, dalili kwamba mahali fulani shinikizo linapungua. Asubuhi muuzaji alikuja na spana, akakaza kiungo chini ya sinki, akatuonyesha njia ya kukifikia bila kutoa kabati. Uvujaji ule ungetutokea tukiwa tumeshavuka nusu ya safari, tungeutafuta kwa tochi kando ya barabara.

Mazungumzo yote na muuzaji yahifadhi nje ya simu, picha na video zote pamoja. Wakati wa kununua ni ushahidi; baadaye ni kitabu cha gari. Ya kwetu tunayafungua mara kwa mara, hasa ujumbe wake mmoja mrefu unaoeleza kwamba fyuzi ya pampu haipo kwenye sanduku la fyuzi kama mtu atakavyodhani. Iko nyuma ya droo ya vijiko, kwenye waya mwekundu, na ni ya ampea 10.